Koti na Shati la Kahawa

Mwaka wake wa kwanza kiwandani, wakongwe walimfundisha kwamba kahawa huvaa kuliko binadamu. Ganda la nje, jekundu na laini, ni koti. Ganda gumu la ndani, linalotoka kahawa ikishakauka na kukobolewa, ni shati. Koti lilizikwa shimoni likawa mboji, shati likachomwa tanurini. Yeye alisimamia shimo na stoo ya maganda miaka thelathini na mmoja, mpaka jina lake likasahaulika, akabaki kuwa Babu Makoti.

Wakongwe wakafa mmoja mmoja. Akaja meneja mpya, dada mmoja mwenye haraka, na mashine ya kugandamiza maganda yawe mbao za dari. Jambo jema, nani atabisha? Ila alikuja pia na lebo. Shati likawa Ganda A, koti likawa Ganda B.

"Mzee, hapa si duka la nguo," alimwambia mbele za watu, nao wakacheka.

Babu Makoti hakucheka. Neno koti au shati lilimwambia mtu ameshika nini. Herufi haimwambii kitu.

Mbao zilitaka shati tupu. Koti lina sukari, na likiingia humo ubao huvimba na kuota ukungu. Lakini sasa makoti nayo yalianikwa na kusagwa yauzwe kama mbolea, na unga wa haya mawili hautofautiki kwa macho. Meneja akatangaza kwamba shehena ya kwanza ikiharibika, aliyeiharibu aanze kufungasha virago.

Asubuhi ya kugandamiza, Mama Pacha, mpakiaji aliyeandika lebo, alimburutia Babu Makoti gunia.

"Babu, hebu ninusie hili. Lebo inasema A, lakini jana mvua ilitukuta tukahamisha magunia mbio mbio. Lebo nyingine nimezibandika kwa kukisia. Roho inanidunda."

"Leo mmekumbuka kwamba nina pua?"

"Tumekumbuka. Nusa kwanza, ununaji utafuata."

Alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akaleta unga puani. Koti hunuka kama tunda lililochacha, shati kama majani makavu. Akavuta. Hakusikia kitu. Akafumba macho, akavuta tena. Kimya, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Alipofumbua macho, Mama Pacha alikuwa akimtazama, na nyuma yake wawili wengine walikuwa wameweka makoleo chini ili wasikie. Ilikuwa miaka mingi tangu watu wasimame kumsubiri aseme.

"Hilo ni shati," alisema.

Siku ya tano mbao zilikuwa zimetuna kama maandazi, kingo zimeota vinyweleo vya kijivu, na stoo nzima inanuka uchachu. Wengine waliusikia huo uchachu. Mama Pacha akaitwa ofisini. Babu Makoti alimfuata bila kuitwa.

"Kosa ni langu," alisema. "Alinipa ninuse. Pua yangu imekufa, nikaona haya kusema."

Meneja alimtazama kwa huruma. "Mzee, una moyo mzuri. Usimfunike."

"Simfuniki. Mimi ndiye niliyesema ni shati."

"Shati." Meneja aliinua lebo, akaigeuza upande wenye saini. "Kwenye utaratibu wetu hakuna mahali pa kunusa, Mzee. Kuna hii, na aliyeisaini ni huyu."

Miaka thelathini na mmoja ya pua haikutosha hata kulaumiwa.

Mama Pacha alikunja aproni yake mara nne, akaiweka mezani. Walitoka pamoja hadi getini.

"Ungesema tu, Babu. Ningemwita mwingine anuse."

"Mwingine nani?"

Mama Pacha alisimama akifikiri, akawapitia waliobaki mmoja mmoja kichwani. Hakuna aliyewahi kufundishwa. Babu Makoti mwenyewe hakumfundisha mtu, alingoja waombe.

"Haya, Babu," alisema, akatoka.

Kesho yake meneja alimpa Babu Makoti kalamu ya wino mzito na bunda la lebo. Nafasi ya Mama Pacha ilihitaji mtu.