Kikombe cha Sita

Harufu ya supu ya mbuzi huwavuta wengi mezani. Mimi hunifukuza. Wiki iliyopita tu, hapa Kitengela, nilipita karibu na kibanda cha nyama sufuria ikichemka, nikajikuta nimevuka barabara bila kuangalia, mtu wa boda akinitukana na ukoo mzima. Acha nikueleze kwa nini, maana hata mume wangu nilimwambia majuzi.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba alichonga mawe kwenye machimbo, na jiwe ambalo wengine walilizunguka kwanza wakikuna vichwa, yeye alilibeba. Kisha akaanza kuhema akifunga kamba za viatu. Miguu ikavimba, ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Alilazwa wiki mbili, akarudishwa nyumbani na masharti mawili: asionje chumvi, na kwa siku anywe vikombe vitano tu vya kitu chochote. Sababu hakuna aliyetueleza. Mama alitundika kikombe chenyewe kwenye msumari, na ole wako ukiugusa msumari huo.

Kwetu mgonjwa akitoka hospitali huchinjiwa. Jirani yetu Parsaloi alileta beberu, akamchinja mwenyewe nyuma ya nyumba huku watu wa kanisa wakiimba sebuleni. Mimi nilishika beseni. Akatupa moyo ndani, na moyo ukapiga. Nakwambia ulipiga! Mbuzi amelala pale hana habari, moyo wake unaruka kwenye beseni langu. Nilifumba macho, beseni bado mkononi.

"Usiogope, nakerai," Parsaloi alicheka, akiniita mtoto kwa Kimaasai. "Bonyeza uone."

Nikabonyeza. Ukajikunja chini ya kidole changu, kwa nguvu kuliko mwanzo.

"Unaona? Moyo ni kama ng'ombe mzuri ya maziwa. Ukipatia yeye mingi, anarudisha mingi."

Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo. Siku ya tatu, alasiri, Baba alilisukuma bakuli lake la supu isiyo na chumvi.

"Hii ni maji ya kuoshea vyombo," akamwambia Mama. "Heri nikufe nikiwa nimeonja kitu."

Mama aligeuza uso, akatoka kwenda kuanua nguo. Nikamtazama Baba, mashavu yameingia ndani, nikaona jibu liko wazi: moyo wake umechoka kwa sababu unapewa kidogo. Vikombe vitano, kwa mwanamume kama yule? Nikachota supu, nikatia chumvi kijiko kizima, nikampelekea. Kilikuwa kikombe cha sita siku hiyo. Aliponirudishia kitupu nikaleta cha saba, kisha cha nane.

"Asante, mami," aliniambia kila mara. Mimi nilisimama pale nikihesabu mafunda, nikingoja nguvu zimrudie.

Asubuhi tulimkuta ameketi kitandani, amekumbatia mto, midomo rangi ya majivu, pumzi inakoroma kana kwamba anazama. Mama alipiga mayowe. Parsaloi akaja na pikapu, wakamchukua. Nilibaki mlangoni. Nilijua ni mimi, na sikusema.

Alirudi baada ya wiki tatu, amebaki nusu. Alikuwa amemwambia daktari kwamba chumvi aliiiba mwenyewe. Mama alimgombeza mwezi mzima, mbele yangu, kila tulipokaa kula, nami nikatafuna kimya kama mwizi. Aliishi miaka mitatu zaidi.

Baadaye nikasomea uuguzi. Siku moja mwalimu alichora moyo ubaoni, akasema moyo haungoji kuamrishwa: damu ikiingia nyingi, misuli yake huvutika, na kadiri inavyovutika ndivyo inavyojikunja kwa nguvu. Hujipimia wenyewe, pigo kwa pigo. Nikatabasamu nikimkumbuka Parsaloi. Kisha mwalimu akasema kwamba hilo lina mwisho. Moyo uliokwisha kutanuka na kuchoka hauna tena cha kurudisha. Ukizidi kuujaza, damu hurundikana nyuma yake na maji huingia mapafuni. Na chumvi ndiyo inayoyazuia maji mwilini. Nilitoka nje nikatapika kwenye maua ya mkuu wa chuo.

Ilinichukua miaka mingine kumi kumwambia Mama. Alikuwa akichambua sukuma wiki, hata kichwa hakuinua.

"Najua," akasema. "Baba yako aliniambia huko hospitali. Alisikia chumvi tangu funda la kwanza."

Niliketi chini kando yake. "Sasa mbona alimaliza?"

"Si ulikuwa umesimama hapo unamwangalia?"

Nikaifikiria ile meza yetu, mwezi mzima wa kelele, Baba ameinamisha kichwa akikubali kila kosa. Kumbe wote wawili walijua, na ugomvi wote ule waliuigiza ili lawama isinifikie, nami niweze kula.