Kofia Mezani

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, hajui kukaa. Mpe kiti, ataanza kwa kukikagua miguu, atakisogeza hadi ukutani, kisha atasimama kando yake kama anakilinda. Jeshi lilimwachia pensheni, magoti mabovu na cheo cha mdomoni: mtaa mzima unamwita Sajenti, na watoto wakimkuta na kofia yake ya jeshi wanampigia saluti. Saluti ile anaipenda kuliko chai ya asubuhi.

Mwaka wake wa kwanza wa kustaafu nusura umuue mdogo wangu. Kochi lilihama sebuleni kila kukicha. Sufuria zilipangwa kwa kimo. Akija dukani kwangu, maana mimi nauza viatu, anavigeuza vyote vitazame upande mmoja, na mteja akigusa kimoja anakirudisha mahali pake kabla mtu hajauliza bei.

"Shemeji," nilimwambia, "hili ni duka, si kambi. Mteja akiogopa kuvuruga, ananunua kwa jirani."

"Mpangilio ni mpangilio, shemeji."

"Mpangilio hauliwi."

Mdogo wangu naye alikuja amejishika kiuno. "Dada, mtafutie huyu mtu kazi. Usipomtafutia yeye kazi, utanitafutia mimi pa kulala."

Kazi ikajileta yenyewe. Jeshi lilikuwa limeanza kudhamini somo katika shule chache za sekondari, wakaliita Darasa la Uraia na Uongozi. Jeshi linatoa sare, buti na mwalimu; shule inatoa chumba, uwanja na watoto. Walisema wazi mbele ya wazazi kwamba hawaandikishi askari, wanalea raia wema. Mimi nimekulia sokoni na sijaona mtu anayegawa buti bure. Lakini nilinyamaza, kwa sababu buti zilizobana na zilizopwaya zililetwa kwangu zibadilishwe, na mdomo unaokula hauzungumzi.

Kwata Sajenti aliifundisha kama anavyopumua. Baada ya muda mfupi watoto waliokuwa wakitembea kama wamebeba maji kichwani waligeuka nyuma kwa kishindo kimoja. Kiongozi wao wa gwaride alikuwa binti wa fundi cherehani anayepakana na duka langu, msichana mwembamba mwenye sauti ya kuamsha maiti. Wenzake walimwita Kamanda, na baba yake pia, akitaka kumtuma sindano.

Kilichomshinda Sajenti ni ile nusu ya pili, uraia. Siku ya kwanza aliingia darasani, akasoma kitabu walichompa, kisha akauliza, "Nani ana maoni?"

"Hakuna, afande!" Darasa zima, sauti moja.

"Raia asiye na maoni ni gunia. Mmeelewa?"

"Ndiyo, afande!"

Alitusimulia hayo usiku ule akiwa anazunguka meza na sahani mkononi. Hakula. Mdogo wangu alikuwa akimfuata na kijiko cha mchuzi kama anayelisha kuku.

"Nimewafundisha kuitikia," akasema. "Sasa hawajui kusema."

Baada ya siku chache akapata dawa. Aliingia darasani, akavua kofia yake ya jeshi, akaiweka mezani, nembo ikitazama juu. "Kofia ikiwa hapa," akawaambia, "hakuna afande humu ndani. Kuna mtu mmoja mwenye upara. Semeni."

Mmoja akakohoa. Halafu Kamanda akasema kwamba kwata ya mchana inawachosha, wanasinzia kwenye hesabu. Kwa nini isiwe asubuhi? Mwingine akasema asubuhi yeye anateka maji kwanza. Wakabishana hadi kengele. Sajenti akavaa kofia, wakaruka wima, na kesho yake kwata ikaanza asubuhi, baada ya watekaji maji kufika. Tangu hapo ikawa desturi: kofia kichwani, amri, kofia mezani, maoni.

"Na hapa nyumbani," mdogo wangu akamuuliza, "utaiweka mezani lini?"

"Hapa nyumbani sijawahi kupewa nafasi ya kuivaa."

Muhula wa pili zikaja habari kwamba jeshi linapunguza shule. Kanali mmoja angezunguka kukagua, na darasa ambalo lisingemridhisha lingefungwa. Pale ndipo Sajenti alipopoteza hata ule usingizi wa kusimama. Alipiga pasi suruali iliyokwisha kupigwa. Alihesabu vigae vya sakafu. Kochi likahama mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, likakwaruza sakafu hadi mpangaji wa chini akaja kuuliza kama wanahama.

"Wakilifunga darasa, dada," mdogo wangu aliniambia jikoni kwa sauti ya chini, "huyu hatarudi kuwa alivyokuwa. Atakuwa zaidi."

Siku ya ukaguzi nilikwenda na mfuko wa buti za akiba, maana soli hupasuka siku ya wageni. Wazazi wachache walikuwepo, fundi cherehani akiwa amevaa koti aliloshona mwenyewe, la mteja. Kanali alikuwa mtu mrefu, nadhifu, si mkali. Mtu wa kutabasamu kwa meno ya mbele tu. Alisimama uwanjani, mikono nyuma.

"Gwaride, mguu sawa! Mbele, tembea!" Sauti ya Kamanda ikaruka uzio. Waligeuka kulia, wakageuka nyuma, wakasimama. Sikusikia buti moja ikichelewa. Mkuu wa shule alinikonyeza kana kwamba yeye ndiye aliyewafundisha.

Biashara ilikuwa imekwisha, nikadhani. Kumbe.

Kanali akataka kuzungumza nao darasani. Sisi wazazi na wageni tukasimama nyuma, tumebanana. Akawasifu, akawaeleza habari za nchi na wajibu, kisha akauliza, "Nani kati yenu yuko tayari kuvaa gwanda mara tu amalizapo shule?"

Mikono yote ikapanda kwa pamoja, tapu! Mpiga picha akapiga. Kanali akamgeukia mkuu wa shule. "Unaona? Shule kama hii hatuwezi kuiacha."

Sajenti, aliyesimama kando ya ubao, akashusha pumzi. Nami nikaanza kufunga mfuko wangu.

Kamanda akasimama. "Afande, naomba ruhusa kuzungumza."

"Zungumza, binti."

"Naomba kofia iwekwe mezani."

Fundi cherehani, kando yangu, akashika kiuno cha koti lake. Kanali akamtazama Sajenti. "Anasema nini huyu?"

Sajenti alikuwa na njia rahisi. Maneno mawili tu, kaa chini, na bei ilikuwa imeshakubaliwa. Nikamtolea macho toka nyuma ayaseme. Hakuyasema. Alivua kofia yake, akaiweka mezani, nembo juu, akabaki na upara wake unang'aa mbele ya mkubwa wake.

"Ni namna yetu ya somo la uraia, afande," akasema. "Kofia ikiwa hapo, wanasema la moyoni."

Kanali alisita. Kisha akavua yake, lakini hakuiweka mezani, akaibana kwapani. Nikasema kimoyomoyo, huyu naye anajua kupatana: nusu bei.

"Haya, binti. Sema."

"Afande, tumefundishwa mkubwa akiuliza tujibu kwa pamoja. Ile mikono ilinyooshwa na kwata. Tafadhali uliza tena, sasa hivi."

Kanali akauliza tena, polepole, neno kwa neno. Mikono ikapanda mmoja mmoja, wenye mikono wakitazamana. Darasa likawa kama kinywa cha bibi kizee, jino hapa, jino kule.

"Wewe," Kanali akamuuliza kijana wa mbele ambaye safari hii hakunyoosha mkono, "unataka nini?"

"Kufuga kuku, afande. Wa mayai."

Watu wakacheka, hata mkuu wa shule, ingawa alijizuia haraka. Kanali akamgeukia Kamanda. Ndipo wote tulipoona kwamba mkono wake yeye ulikuwa juu.

"Mbona umenyoosha? Si wewe ndiye uliyetaka niulize tena?"

"Mimi nataka jeshi, afande. Tangu zamani. Ila mkono wa kwanza ulikuwa wa darasa. Huu ni wangu."

Kanali akavaa kofia yake, na mazungumzo yakaishia pale.

Baadaye nilikuwa karibu na tangi la maji, nikimbadilishia mtoto mmoja buti, wakaja Kanali na Sajenti wakasimama upande wa pili. Sikujificha. Tangi ndilo lililonificha.

"Sajenti, kwata yako sijaiona kwingine. Darasa litabaki, na wewe utabaki. Lakini kwa sharti. Ule mchezo wa kofia ukome. Kofia ya jeshi haiwekwi mezani mbele ya watoto kama bidhaa mnadani. Ukiweza, nipigie kesho jioni. Usipoweza, nitaleta kijana mwingine."

"Nimesikia, afande."

Jioni ile kwa mdogo wangu hapakuwa na pa kuweka mguu. Kochi lilikuwa katikati ya mlango, Sajenti akilizunguka.

"Shemeji, kubali," nilimwambia. "Umepata darasa, umepata kazi, umepoteza nini? Muuzaji akikupa bei nzuri, humuulizi jana alilalaje."

"Nikiwauliza tena kitu, shemeji, watanyoosha mikono. Nitajuaje ni ya nani?"

"Utafundisha kwata. Kwata unaijua."

"Kwata hata jiwe laweza kujua ukilipigia kelele vya kutosha."

"Basi kataa," akasema mdogo wangu, "lakini uhamie na kochi hili hukohuko kwa Kanali."

Akazunguka tena. Akafungua dirisha, akalifunga. Akaichukua kofia juu ya kabati, akaifuta, akairudisha. Kesho yake ikapita hivyohivyo, na jua likaanza kushuka, na simu iko mezani, hakuna anayeigusa. Mara akasimama.

"Amesema isiwekwe mezani," akasema. "Hajasema iwe kichwani."

Nimepatana na wachuuzi wa kila aina, lakini mlango ule sikuuona.

Mdogo wangu ndiye aliyeelewa gharama yake, maana ameishi na jeshi ndani ya nyumba. "Bila kofia hupigiwi saluti," akasema taratibu. "Wala wewe huwezi kuijibu. Si ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo ilivyo."

"Hata mtaani?"

"Hata mtaani. Watoto wa darasa nimewafundisha hivyo, na hawa wadogo wanaiga kwao."

Akakaa. Nasema akakaa, kwenye kochi, mlangoni palepale, magoti yakilia. Kisha akasimama akapiga simu. "Afande, kofia haitawekwa mezani tena. Nakubali sharti." Kanali akampongeza kwa sauti tuliyoisikia wote.

Jumatatu nilipitia shuleni na buti za akiba. Kofia ilikuwa imebaki nyumbani, kwenye msumari nyuma ya mlango, nami nilimkuta mwenyewe akiingia getini kichwa wazi, jua likimchoma upara. Kamanda alikuwa langoni na wenzake. Mkono wake ulipanda haraka, ukafika usawa wa sikio, ukasimama. Akamtazama kichwani. Wenzake wakamtazama yeye.

Mkono ukashuka.

"Habari za asubuhi, mwalimu," akasema.

"Nzuri. Nani ana maoni leo?"

"Mimi!" akasema wa kuku.

"Na mimi." "Mimi pia, ila si kuhusu kuku."

Wakaingia wakiwa wanabishana. Mkono wa Sajenti nao ulikuwa umepanda nusu, na haukuwa na kazi huko juu, basi akajikuna upara.

Mchana alikuja dukani. Aligeuza viatu, akavirudisha, akavigeuza tena. Sikumkataza. Kisha akaona kofia za jua, zile za ukindu zenye ukingo mpana, nilizotundika mlangoni.

"Hii," akauliza, "kuna mtu anaipigia saluti?"

"Hata nzi haipigii."

"Basi nipe moja. Ya njiani tu, darasani siingii nayo." Akaijaribu, akainama kujitazama kwenye kioo cha kujaribia viatu, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia. "Na punguzo, shemeji?"

"Punguzo kaombe kwa Kanali," nikamwambia.