Blanketi la Mseti

Scholastika, muuza barafu wa Iringo, hajawahi kumpunja mteja. Barafu yake imeganda mpaka katikati, na wauza samaki wanalijua hilo. Asubuhi moja alikuwa anafungua friza simu ilipoita. Mumewe Mseti, fundi wa kuchomelea, amepigwa na umeme kazini kule Bweri. Moyo wa Mseti ulikuwa umesimama. Wenzake walimkandamiza kifua kwa zamu mpaka gari la wagonjwa likafika, na hospitalini moyo ukarudi kupiga. Lakini Mseti hakuamka.

Daktari Ikhlas alimwita Scholastika pembeni.

"Moyo umerudi, mama. Sasa nahofia ubongo. Ulikosa hewa, na joto la mwili likipanda utaumia zaidi. Tutampoza, tumpe dawa za usingizi asitetemeke, kisha tumrudishie joto polepole. Mashine ya kazi hiyo hatuna. Tunatumia barafu."

"Barafu ninayo."

Alileta ndoo nzima. Wauguzi wakafunga vipande kwenye vitambaa, wakaviweka shingoni, kwapani na kwenye nyonga.

Mchana Bi Yunis, mama yake Mseti, akafika kutoka Butiama na blanketi jipya mkononi. Kwao mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, wala haachwi wazi. Akamgusa mwanawe mguu, akaurudisha mkono upesi.

"Mmemfanya sangara huyu?"

"Ni matibabu, mama."

"Matibabu gani? Sisi mgonjwa tunamfunikaga. Mtu wa baridi hivi nilimshika mmoja tu, baba yake, na siku hiyo hiyo tulikuwa tunalia msiba. Wewe umezoea kuuza barafu, kila kitu unakiona samaki."

Scholastika alilelewa kwamba mke habishani na mama mkwe mbele za watu. Akachukua ndoo, akaenda kuongeza barafu.

Aliporudi, muuguzi alikuwa anapima joto kwa mara ya pili, uso umemkunjamana. Joto limepanda. Scholastika akainua shuka. Chini yake Mseti alikuwa ameviringishwa blanketi kifuani mpaka miguuni, vitambaa vimelowa, barafu imeyeyuka. Bi Yunis alikuwa anatazama sakafu.

Ipo adabu ambayo ni woga tu, na Scholastika aliitambua ya kwake pale pale. Kama angesema mapema, blanketi lisingefika kitandani. Akalivuta, akalikunja, akamwekea mama mkwe mapajani.

"Mama, nyumbani nitakupigia magoti, unitukane utakavyo. Hapa hafunikwi. Ukimfunika tena, nitakutoa mimi mwenyewe."

"Unitoe kwa mwanangu?"

"Nikutoe, ili uendelee kuwa naye."

Muuguzi akafunga vipande vipya. Bi Yunis akaifuata mikono yake kwa macho, kisha akainuka taratibu.

"Nipe na mimi kitambaa. Nionyeshe kinakaa wapi."

Wakapokezana mpaka daktari alipoanza kumrudishia Mseti joto. Dawa za usingizi zikapunguzwa. Bado hakuamka, na Daktari Ikhlas hakuwaahidi kitu. Wakakaa pande mbili za kitanda, kila mmoja akiogopa kumtazama mwenzake.

Siku iliyofuata Bi Yunis akainama, akamwita mwanawe kwa jina la utotoni. Kope zikacheza. Macho yakafunguka, yakamtafuta aliyeita. Daktari akaja, akamwambia Mseti ainue kidole gumba. Kikainuka, kwa shida, lakini kikainuka.

Bi Yunis akalitoa blanketi chini ya kiti. Hakulikunjua.

"Sasa je, mkwe wangu? Inaruhusiwa?"

Scholastika akamgeukia daktari kwanza. Daktari akaitikia kwa kichwa. Ndipo wakalikunjua, mmoja kashika pembe za huku, mwingine za kule.