Kyule Alianza na Herufi ya Mwisho

Saa tatu asubuhi, ukungu bado haujaondoka Nunguni, na Kanini Muindi yuko kazini. Ameinamia kioo kilicholazwa mezani. Anasogeza rangi kwa brashi, kidogo tu, anapiga picha, kisha anaisogeza tena.

Picha kumi na mbili za namna hii hutoa sekunde moja ya filamu ya katuni. Kanini ametumia siku tisa kupata sekunde nane, na kila picha mpya imeifuta iliyotangulia.

"Hapa hakuna kurudi nyuma," anasema. "Ukikosea, unaanza mwanzo kabisa."

Na amekosea. Amelijua hilo tangu jana, na hajamwambia mtu.

Filamu inasimulia maisha ya marehemu Kyule wa Kalamba, fundi wa kuandika majina kwenye kuta za maduka, ambaye picha zake za mbuzi na wanawake wa sokoni ziliishia kugombaniwa na watu wa suti na tai ambao hawajawahi kufunga mbuzi. Kanini, 38, alimshikia ngazi na kumkorogea rangi miaka sita. Ndiyo maana akapewa sehemu hii: Kyule juu ya ngazi, akiandika HOTELI ukutani.

Kyule hakupenda kupigwa picha. Kanini akaiga picha ya kijitabu cha mazishi, ambapo Kyule ameshika soda kwa mkono wa kulia, na akampa brashi mkono huohuo.

Jana, akiosha brashi, akakumbuka vile watu walivyosimama kumcheka Kyule kwa kuanza na herufi ya mwisho. Aliandika kwa mkono wa kushoto. Angeanza na herufi ya kwanza, mkono ungeburura rangi mbichi.

"Nilikuwa chini ya hiyo ngazi kila siku. Nilisahau aje?" anauliza.

Kompyuta ingeweza kuigeuza picha, kulia kuwe kushoto, lakini maandishi nayo yangesomeka kinyume. Na filamu inatakiwa baada ya siku kumi.

Saa sita anafika Ndunge, mjane wa Kyule, kuitazama sehemu hiyo. Neno lake ndilo la mwisho. Anatazama mara tatu, halafu anajipangusa macho kwa leso.

"Ni yeye," anasema. "Hata vile anainamisha shingo."

Mutie, mwongozaji wa filamu, anashusha pumzi. Kanini angeweza kunyamaza hapo, na moyo unamwomba anyamaze.

"Mwaitu," anamwambia mjane, kama mtu anavyomwita mamake, "alikuwa anaandika na mkono gani?"

Ndunge anafikiri. "Kazini sikuwahi kumwona, mimi nilikuwa sokoni. Nyumbani alikula na wa kulia. Babake alimchapa sana juu ya ule wa kushoto." Anakunja leso. "Kwani huko kwa ngazi aliutumia?"

"Kila siku, mwaitu. Hakuna mtu alikuwa anamchapa huko."

Mjane anakitazama kioo kwa muda mrefu. "Basi mwache autumie," anasema.

Mutie anahesabu siku kwa vidole, mara mbili, na uso wake haupendezi. Lakini hasemi hapana.

Kanini ana hofu kwamba hatamaliza. Anataka filamu ionyeshwe Kalamba, mbele ya wale waliokuwa wakicheka, nao wamtambue fundi wao kwa mkono wake, hata kabla hajageuka kuwaonyesha uso.

Anachukua kitambaa, anafuta kioo chote. Anachora ukuta, ngazi, mtu, brashi katika mkono wa kushoto. Kisha, upande wa kulia kabisa wa ukuta mtupu, anaandika I.