Saa Tatu ya Kinyangiri

Wafanyabiashara binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua alizeti, nami, nikiwa na shahada mpya na kiburi kilichoizidi, niliajiriwa na kampuni moja Singida mjini kuunganisha taarifa za vituo vyake vya ununuzi. Kila siku mabasi yalileta disketi kutoka Kiomboi, Ihanja na Kinyangiri. Kompyuta yetu ilinakili kila kitu upya, tangu gunia la kwanza la msimu, ikimaliza adhuhuri. Mkurugenzi alitaka kulinganisha vituo kabla chai yake haijapoa.

Nikaiharakisha. Niliiamuru mashine ichukue tu magunia yaliyoandikwa tangu saa mbili asubuhi ya jana, vituo vinapofunguliwa. Kazi ya nusu siku ikawa ya dakika chache. Nilipongezwa, nami nikavimba.

Wiki mbili baadaye taarifa ilionyesha kwamba Kinyangiri karibu haipokei kitu. Mkurugenzi akanipa barua niipeleke: kituo kifungwe, karani aondoke. Karani alikuwa mzee aliyepima mazao tangu enzi za ushirika, na binti yake alikuwa bado chuo cha ualimu.

Ndani ya gari nilijizoeza maneno ya upole. Yote yalisikika kama ya mtu anayekimbia. Nilipofika, ghala lilikuwa limejaa hadi kwenye bati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetuletea lori?"

Kwenye kioo cha kompyuta yake niliona 3:10, na nje jua la asubuhi limeshapanda. Nikauliza nani aligusa saa ile.

"Mimi. Ilikuwa inasema saa tisa, na watu ndio kwanza wamekunywa uji. Nikaiweka sawa, saa tatu. Kwani huko chuo kikuu, mwanangu, mlikuwa mnaingia darasani saa ngapi?"

Kwa mashine, saa tatu yake ilikuwa saa tisa usiku, kituo hakijafunguliwa. Magunia yote ya asubuhi nilikuwa nimeyaacha mimi, kwa haraka niliyopongezwa nayo.

Redio ya mawasiliano ikaita. Mkurugenzi aliuliza kama nimekabidhi barua. Ningeweza kusema karani ameharibu saa. Isingekuwa uongo kamili, na ningepona.

"Sijaikabidhi," nikasema. "Kosa ni la programu yangu. Ghala limejaa."

Mkurugenzi akasema lori litakuja, nami nirudi na barua ileile, kitakachobadilishwa ni jina tu.

Mzee aliuliza ni barua gani.

Nikamwambia ni yangu.