Mapipa ya Kufuli

Tangu awe mjane, Lumturije alimlisha mama mkwe wake kwa chupa za plastiki alizookota mapipani katika mji wa Elbasan na kuziuza kiwandani. Kisha wafadhili wa Kijerumani wakaleta mapipa ya kufuli, ati taka zitumike upya, na ufunguo akapewa shemeji yake Nazmi, mwokotaji mwenzake wa jana.

"Fungua, shemeji."

"Huu ni mradi. Ondoa mkokoteni wako."

"Umevishwa fulana ya kijani, basi umekuwa Mjerumani? Hizo chupa ndizo mkate wa mama yako."

"Nitaita polisi."

Aliwaita kweli, nao wakauchukua mkokoteni. Kesho yake bibi kizee alijikongoja hadi kwa mwanawe kuomba mkate. Nazmi alikuwa ndani, lakini mkewe alisema mlangoni kwamba yuko kazini, anatunza mazingira.