Nilimwombea Mdogo Wangu kwa Wivu

Nilimwonea wivu mdogo wangu kwa sababu alikuwa anapata nafuu. Nimeiandika sentensi hiyo nikaifuta, nikairudia, maana hakuna namna ya kuipamba. Sikutamani mali yake wala mume wake. Nilitamani arudi kuwa yule aliyekuwa ananihitaji.

Nitamwita Neema, ingawa silo jina lake. Wazazi wetu walihamia Karatu kutoka Kilimanjaro. Mimi nilisoma hadi chuo kikuu, nikarudi kufundisha sekondari. Yeye akaolewa na dereva wa watalii mwenye asili ya Endabash, mtu mpole anayeonekana hifadhini Kreta kuliko nyumbani kwake. Wana watoto wawili.

Tangu utotoni Neema alikuwa mtu wa kusahau. Maharage yaliungua yeye akiwa amesimama palepale jikoni. Sare za shule zilivunda kwenye beseni. Kuna siku alimsahau binti yake shuleni hadi mlinzi akanipigia mimi simu. Nani alikuwa anakwenda kurekebisha? Mimi. Nilifua, nikapanga, nikamsema, naye akalia na kuniambia kwamba bila mimi asingefika popote. Nakiri jambo la aibu: maneno hayo yalinishibisha.

Mwaka jana akaenda Arusha kumwona mwanasaikolojia. Akaelezwa kwamba ana ADHD, hali ya ubongo inayovuruga umakini, aliyozaliwa nayo, na kwamba wapo wanawake wengi wanaoishi nayo hadi utu uzima wakidhani ni uvivu wao.

"Dada, kumbe sikuwa mzembe," aliniambia, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetua gunia. Akaniomba nisimwambie yeyote mpaka apate namna ya kumweleza mama mkwe wake.

Nikamkumbatia, nikaahidi. Lakini moyoni nilikuwa nauliza: na mimi niliyefua zile sare? Yeye amepewa sababu. Mimi sikupewa hata pole.

Akaanza vikao vya tiba, na kikundi cha akina mama wenye hali kama yake. Miongoni mwa mambo waliyofundishwa ni hili: ukishindwa kuanza kazi, mwite mwenzako akae nawe. Asikusaidie, asikuseme. Akae tu.

Jumamosi moja nikapita kwake. Neema alikuwa anakunja nguo zilizorundikana kitandani kwa muda usiojulikana, na kwenye kiti alikaa mama mmoja wa kile kikundi, Mmasai anayeuza shanga kwa watalii, ana kikombe chake cha chai. Walikuwa wanacheka. Nguo zilikuwa zinakunjika! Nikanyoosha mkono nichukue shuka.

"Acha, dada. We kaa tu," alisema Neema.

"Mwalimu, hapa kazi ni kukaa," yule mama akanitania. "Utaweza?"

Sikuweza. Nilisingizia mitihani ya kusahihisha, nikaondoka. Miaka yote nilimfanyia, na mgeni asiyeinua hata soksi ndiye aliyemfaa. Njia nzima hadi nyumbani nilikuwa nagombana na watu wasiokuwepo.

Alhamisi jumuiya yetu ya kanisani ikakutana kwangu. Mnazijua jumuiya zetu: baada ya Neno, kila mmoja hutaja anachotaka kuombewa, na linalosemwa pale macho yakiwa yamefumbwa haliitwi umbea. Huitwa nia ya sala. Zamu yangu ilipofika nikafumba macho.

"Tumwombee mdogo wangu. Akili imemsumbua, anatibiwa Arusha. Nawahofia watoto."

Kila neno ningeweza kulitetea, na ndipo ulipokuwa uovu wake. Wenzangu walinishika mikono. Wakanipa pole kwa mzigo niliobeba peke yangu, ile pole niliyoingoja tangu ujana. Nilijisikia vizuri, Mungu anisamehe. Na wala sikuwa nimesahau kwamba mmoja wao ana shamba Endabash, jirani na mama mkwe wa Neema.

Jumapili mama mkwe akafika kwa Neema, shemeji akiwa safarini na wageni. Hakugombana. Aliwafungashia wajukuu nguo, akasema watarudi mama yao akipona.

Neema akaacha tiba, maana kila safari ya Arusha sasa ilikuwa ushahidi dhidi yake. Hakupokea tena simu za kikundi. Sufuria zikaanza kuungua. Akaniita.

Nilikwenda. Nilisimama kwenye karo lake nikiosha vyombo, nimepata kile hasa nilichokuwa nakitaka, na nyumba haina sauti ya mtoto.

"Mama mkwe anasema ni wewe uliyeniombea," alisema nyuma yangu.

Nikasema niliomba kwa upendo.

"Watoto unawahofia nini, dada? Taja jambo moja nililowafanyia."

Nikaendelea kusugua sufuria.

"Ungenitukana tu. Tusi ningelijibu. Sala naijibuje?"

Kesho yake nilikwenda Endabash kwa mama mkwe wake. Bibi alikuwa anapukuchua mahindi. Nilimweleza ile hali ya Neema ilivyo, kisha nikamweleza wivu wangu, bila kupunguza. Akatupa gunzi pembeni.

"Angesema jirani, ningecheka," alisema. "Aliyesema ni dada."

Shemeji aliporudi aliwafuata watoto, na Neema akarudi kwenye tiba. Safari hii mumewe ndiye anayempeleka. Anaendelea vizuri. Hilo nimelisikia kwa watu.

Kwangu hana ugomvi. Nikienda ananiketisha sebuleni, ananiletea soda kwenye sinia, ananiuliza habari za shule. Vyombo vyake sivigusi. Juzi nilijikaza nikamuuliza vikao vinaendeleaje.

"Tunamshukuru Mungu," akajibu, kama tunavyowajibu watu tusiotaka kuwaeleza kitu.

Wewe unayesoma, kama ndugu yako ameanza kusimama na moyo wako unauma, acha uume. Usitafute wa kukupa pole. Na siri aliyokuamini nayo usiipeleke hata kwa Mungu mbele ya majirani. Mungu alikuwa anaijua. Wao hawakuwa wanaijua.